Mchovyo wa bilinganya ya kuchoma na mtindi, wa shughuli na wa jioni nyumbani

Nilianza kupika vitafunwa vya shughuli kwa sambusa, nikaongeza katlesi, kisha nikajitia aibu kwa bakuli la mayonezi. Ilikuwa singo, yaani shughuli ya kumsinga bi arusi, ya binti wa jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, mwezi wa Machi, saa nane mchana, chini ya turubai la plastiki. Nilikuwa nimechanganya mayonezi na kitunguu saumu na kotmiri, nikaiweka katikati ya sinia la karoti na matango, nikajiona fundi. Saa moja haijatimia, bakuli limeanza kutoa mafuta pembeni, juu pamefanya utando wa manjano, na inzi ndio waliokuwa wakichovya kuliko wageni. Mwenye shughuli alinilipa fedha yangu yote bila neno. Afadhali angenisema.

Mwaka uleule mume wangu akaambiwa ana presha. Yeye alipewa vidonge, mimi nikapewa kazi: chumvi ipungue, mafuta yapungue, mboga ziongezeke. Sasa huyu mzee wangu ni mtu wa kuchovya. Muhogo anachovya, kiazi anachovya, hata sambusa iliyojaa nyama anaitafutia chachandu. Ukimwondolea kibakuli chake cha pembeni umemnyima chakula. Nikaona nitafute kitu kimoja kitakachoniokoa nyumbani na kwenye shughuli kwa pamoja.

Jaribio la kwanza nilimimina mtindi wa pakiti kwenye bakuli, nikakatia kitunguu na tango, nikakamulia ndimu. Wifi yangu akatazama, akauliza, "Wifi, hiki tukichovye au tukinywe?"

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu aliyeolewa Maskati. Mezani kwao kuna chakula walichokipokea kutoka kwa Waarabu wa Sham, upande wa Siria na Lebanoni, wanakiita mutabali: bilinganya ya kuchoma iliyopondwa na ufuta, na wengine hutia mtindi. Nilimpigia simu kulalamikia uji wangu, akacheka. "Mwanangu, wewe unakimbilia kutia. Anza kutoa. Toa maji kwenye mtindi, toa maji kwenye bilinganya, ndipo uchanganye."

Nimepika huu mchovyo mara nyingi tangu siku hiyo na sijaona palipozidi hapo. Mayonezi ni nzito kwa sababu sehemu kubwa yake ni mafuta yaliyopigwa na yai mpaka yakashikana. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 90 hivi na gramu 10 hivi za mafuta, na nani kwenye shughuli anakula kijiko kimoja? Huu wangu unakuwa mzito kwa kukosa maji. Kijiko kama hicho hakifiki kalori 20. Wateja wangu wa mjini wanauita dipu, mimi nimezoea kusema mchovyo.

Kwa watu 12 nachukua bilinganya kilo 1, ambazo kwa kawaida ni tatu kubwa au nne za wastani. Mtindi lita 1. Ufuta mweupe vijiko 3 vya chakula. Malimao 2, ingawa la pili mara nyingi linabaki nusu. Kitunguu saumu punje 3. Uzile, yaani binzari nyembamba, kijiko 1 cha chai. Kotmiri fungu moja dogo, pilipili mbuzi moja kama wageni ni wa kwetu, na chumvi nusu kijiko cha chai. Nusu kijiko hicho ni cha bakuli zima, si cha mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ukihesabu chapati, mchuzi na samaki wa chumvi utaona hizo gramu zinakwisha kabla ya adhuhuri.

Mtindi unaanza usiku wa kuamkia shughuli. Nunua usiotiwa kitu. Siku hizi kuna wenye vanila na wenye stroberi, na mtoto ukimtuma atakuletea huo kwa sababu ndio anaoutaka yeye. Geuza pakiti usome: maziwa na vimelea vya kugandishia, basi. Ukiona sukari rudisha. Maziwa ya mgando ya kienyeji pia yanafaa, tena yana ladha zaidi, mradi maziwa yake yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Muuzaji akijibu kwa kusitasita, acha.

Chukua kitambaa safi cha pamba. Mimi nina kipande cha melikani nilichokipasua maalumu kwa kazi hii, nakichemsha kila baada ya kukitumia na hakifuti meza. Kitandike kwenye chungio, chungio likae juu ya sufuria, mimina mtindi, kusanya pembe nne, funga fundo, weka kisahani juu kama uzito. Tia kwenye friji mpaka asubuhi. Kama huna friji, anza alfajiri na uutundike mahali penye kivuli na upepo kwa muda usiozidi saa mbili, uweke kawa juu yake ili inzi wasitue, lakini ujue utazidi kuchachuka na mchana wa Tanga hautaki mchezo. Asubuhi utakuta lita 1 imerudi karibu nusu, nyeupe, laini, inasimama kwenye kijiko. Maji ya kijanikijani yaliyoshuka chini usiyamwage. Mimi nakandia chapati, zinakuwa laini ajabu.

Sasa bilinganya, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi huharibu hapa.

Pale soko la Mgandini chagua zenye ngozi inayong'aa. Bonyeza kwa kidole gumba: ikirudi, nzuri, ikibaki na shimo, imezeeka. Ngozi iliyofifia ina maana ndani mbegu zimeshakomaa na kuwa za kahawia, na hizo ndizo zinazotia uchungu. Usichanganyikiwe na ngogwe, yaani nyanya chungu, zilizopangwa jirani yake. Ngogwe nazipenda kwenye dagaa, ila humu uchungu wake haufichiki hata ukamulie malimao manne.

Usizichemshe. Bilinganya ni kama sifongo, ukiichemsha inakunywa maji uliyokuja kuyatoa. Wala usizikaange, kwa sababu ileile, itakunywa mafuta. Inachomwa nzima, na ngozi yake, juu ya mkaa. Mimi navizia siku ya pilau. Pilau ikishapaliliwa na kuiva, makaa ya juu ya mfuniko na ya jikoni bado yana moto wa kutosha, mwekundu usio na ulimi. Hapo ndipo nazilaza bilinganya. Kabla ya kuzilaza zitoboe kwa uma mara tano sita kila moja. Mara moja nilisahau, moja ikapasuka kama baruti, mwanangu akakimbilia kwa jirani.

Geuza kila dakika tano. Ngozi itaanza kukunjamana, kisha itaungua iwe nyeusi kabisa. Usiogope. Watu wanazitoa zikiwa zimeungua upande mmoja tu na moyo bado mgumu, halafu wanasema bilinganya haina ladha. Subiri mpaka inywee, mpaka ukiishika kwa koleo katikati inajikunja kama soksi yenye maji. Kwa moto wangu ni dakika 20 hadi 25, nene kabisa hufika nusu saa. Kwenye jiko la gesi unaweza kuiweka moja kwa moja juu ya mwale, umefungua dirisha, na umetandika foili chini ili usije ukasugua jiko siku nzima. Kwenye oveni inaiva vizuri lakini moshi hakuna, na moshi ndio unaofanya kazi ya chumvi humu. Moshi, limao na uzile vikikaa pamoja ulimi haukumbuki kuuliza chumvi iko wapi.

Zikitoka motoni zitie kwenye bakuli na ufunike kwa sahani dakika 10. Mvuke wake wenyewe utalegeza ngozi. Pasua kwa urefu, kwangua nyama kwa kijiko, acha ngozi. Vipande viwili vitatu vya ngozi nyeusi vikiingia haviharibu kitu. Usioshe kwa maji. Nimemwona binti mmoja aliyekuja kunisaidia anazisuuza bombani kama mchicha, na harufu yote ya moshi ikateremka mferejini mbele ya macho yangu.

Nyama hiyo itie kwenye chungio, nyunyiza ile chumvi yako nusu ya nusu kijiko, iache dakika 20. Itatoa maji ya kahawia. Yaonje ukipenda, ni machungu. Yamwage. Kutoka kwenye kilo 1 ya sokoni utabakiwa na kama nusu kilo, na usisikitike, maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakikufanyia uji.

Wakati inachuja, kaanga ufuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mkono haupumziki. Ukianza kurukaruka na kunukia, epua upesi, kwa sababu kutoka dhahabu hadi kuungua ni kufumba na kufumbua, na ufuta ulioungua unatia uchungu mbaya kuliko ngogwe. Utwange kwenye kinu kidogo ukiwa bado na joto mpaka uanze kutoa mafuta yake na kushikana. Ukiacha ya maziwa, hayo ndiyo mafuta pekee humu, na yanatosha. Ufuta wetu mwingi hutoka kusini, Lindi na Mtwara. Ukiwa na mchanga uoshe na uuanike kabla, la sivyo wageni watasikia kokoto menoni.

Kitunguu saumu kiponde na chumvi iliyobaki, kisha ukamulie limao moja juu yake na ukiache dakika 10 kabla ya kukichanganya na chochote. Uchachu wa limao unakizuia kuwa kikali. Kikiingia kibichi moja kwa moja kwenye mtindi kinazidi nguvu kadiri kinavyokaa, na jioni mtu hawezi kumsogelea mwenzake. Kwenye shughuli ya arusi fikiria jambo hilo.

Kuchanganya ni kazi ya dakika tatu. Ponda bilinganya kwa uma kwenye ubao au bakuli. Blenda iache kabatini: inaipiga mpaka inakuwa gundi ya kijivu, na inaingiza hewa inayofifisha ladha. Nataka vinyuzinyuzi vyake nivione. Tia ufuta, tia kitunguu saumu na limao lake, uzile uliokaangwa na kutwangwa, pilipili iliyokatwa ndogo bila mbegu. Koroga. Mwisho kabisa ndipo mtindi, kijiko baada ya kijiko, ukikunjia taratibu. Simama pale unapoona uzito umekufaa. Siku nyingine mtindi wote haumaliziki, nao uliobaki unapakwa kwenye mkate asubuhi. Funika, utie friji angalau saa nzima, halafu onja. Ukionja papo hapo utaona limao limetawala na utakimbilia chumvi. Baada ya saa hiyo vinakuwa vimeshazoeana. Kotmiri inanyunyizwa wakati wa kupeleka mezani, isije ikanyauka.

Kwa asiyetumia maziwa, ondoa mtindi na uweke dengu. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, chemsha mpaka zisagike kwa vidole, chuja vizuri, hizo sasa zisage kwenye blenda kwa maji kidogo ya kuchemshia, kisha endelea vilevile. Ladha yake ni nzito zaidi, ya udongoudongo, mume wangu hapendi, wifi anaipenda kuliko ya mtindi. Na wenye kudhurika na ufuta waambiwe kabla, kwa sababu hauonekani kwa macho.

Vya kuchovyea ni muhimu kama mchovyo wenyewe. Haina maana kuhangaika hivyo kisha ukaweka krispi za pakiti zenye chumvi ya wiki nzima. Karoti za Lushoto ndizo mhimili wangu, zinashuka Tanga kwa magari ya mboga na zikiwa mbichi zinavunjika kwa mlio. Zikate urefu wa kidole cha kati, unene wa kidole cha mwisho. Nyembamba sana inakatikia bakulini. Ziloweke kwenye maji ya barafu nusu saa, hata zilizolegea zinapata uhai. Tango lipasue, kwangua mbegu kwa kijiko, kwa sababu mbegu zina maji na tumeshakubaliana kuhusu maji. Pilipili hoho za rangi mbili kama mfuko unaruhusu. Koliflawa ivunjwe vichanuo vidogo, ipite kwenye maji yanayochemka dakika moja, iingie kwenye maji ya barafu. Maharage machanga dakika mbili, hivyohivyo. Embe bichi msimu wake ukifika, vipande vyembamba, nalo linawashangaza watu kila mara.

Kisha muhogo, maana shughuli ya Waswahili bila kitu cha kushibisha ni kikao. Uchemshe mpaka uive lakini usivurugike, toa mzizi wa katikati, kata vijiti, upitishe juu ya mkaa uleule wa bilinganya mpaka ufanye mistari. Hauhitaji mafuta. Viazi vitamu vinakubali pia.

Mboga mbichi zinazoliwa bila kuiva huwa nazitendea kwa ukali. Naosha mikono kwa sabuni, naosha mboga kwa maji yanayotiririka kabla ya kuzimenya, na suuza ya mwisho ni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Barafu ya kulowekea pia itokane na maji ya kuchemsha. Kibao na kisu cha nyama havisogei hapo. Msimu wa mvua naongeza ukali, hata nikiitwa mchoshi.

Mezani nimejifunza mambo mawili kwa gharama. La kwanza, bakuli kubwa moja katikati ni kosa. Mtoto ataingiza karoti, aume, airudishe, na mama yake atajifanya hajaona. Kwa hiyo natumia glasi ndogo za plastiki ngumu zinazooshwa na kutumika tena: vijiko viwili vya mchovyo chini, vijiti vinne vitano vya mboga vimesimama juu yake kama maua. Kila mgeni anashika yake. Bakuli la watu 12 linajaza glasi 20 na zaidi, hivyo wenye kurudia wanarudia. Kwa shughuli ya watu 40 huwa nazidisha vipimo mara mbili na nusu, na sijawahi kupungukiwa.

La pili ni joto. Chakula cha maziwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na chini ya turubai la mchana mimi nahesabu saa moja. Glasi nazipanga kwenye deli lenye barafu, zinatoka kumi kumi. Umeme ukikatika nyumbani asubuhi ya shughuli sifungui friji kila dakika kuchungulia; naagiza barafu mapema na nahamishia kila kitu kwenye deli. Zilizokaa mezani zikabaki hazirudi kwenye deli. Zinamwagwa, hata kama moyo unauma, na unauma kweli ukikumbuka ulivyolala na kitambaa usiku kucha.

Bei nayo inasemwa kwa uwazi. Wateja wengine hudhani kwa kuwa hakuna nyama basi ni bure. Nawaambia kuna usiku mmoja wa kuchuja, kuna mkaa, kuna ufuta, na kuna mikono miwili ya kukata karoti za watu 40. Wanaoelewa wanalipa. Wasioelewa nawauzia katlesi.

Uliobaki kwenye friji bila kuguswa unadumu siku tatu, ukitoa maji kidogo juu ambayo unayamwaga au unayakoroga. Mzee wangu hausubirishi hata siku ya pili. Usiku anauteka kwa ugali wa moto, anakula mpaka anakwangua bakuli, kisha ananiuliza mboga yenyewe inakuja saa ngapi.